Mdogo wangu anataka kwenda kucheza raga Ufaransa, na ameniomba nimfichie siri ya kichwa chake

Mpendwa Mshauri,

Mimi ni mama wa watoto wawili, mkazi wa Ngamiani hapa Tanga, na riziki yangu ni duka dogo la kanga na vitenge. Baba yetu alipofariki mdogo wangu wa mwisho alikuwa bado shule ya msingi, na kwa kuwa mama anasumbuliwa na presha, malezi yake yaliniangukia mimi. Baadaye mjomba wetu anayeishi Likoni, Mombasa, alimchukua akasome kule, na huko ndiko alikoujua mchezo wa raga, ambao hapa nyumbani, kwa watu tuliokulia habari za Coastal Union na African Sports, hakuna aliyekuwa akiuelewa. Sasa ana miaka 22, yuko mwaka wa tatu wa uhasibu katika chuo kikuu kimoja cha Nairobi, na anachezea klabu ya huko katika nafasi ya flanka. Mwenyewe alinieleza kwamba flanka ni wale wawili wanaokaa ubavuni mwa skramu, yaani lile kundi la wachezaji wanaoinama na kusukumana kugombea mpira, ambao kazi yao kubwa ni kumwangusha kila anayekuja na mpira.

Msimu uliopita aligongwa kichwani na goti la mpinzani akapoteza fahamu kwa muda mfupi. Wiki chache baadaye alirudi uwanjani akagongwa tena. Mimi sikuambiwa lolote, mpaka mwenzake wa chumbani aliponipigia simu kunieleza kwamba kijana analala mchana kutwa akiwa amefunga mapazia, anasahau alichosoma jana, na anakasirika kwa mambo madogo ambayo zamani angeyacheka. Nilipombana alikiri, kisha akanitumia majibu ya picha ya CT yaliyoandikwa kwamba ubongo hauna tatizo, akasema, "Dada, mimi ni mzima, kichwa kinauma siku moja moja tu."

Sasa amepata wakala anayesema kwamba kuna klabu ya daraja la chini nchini Ufaransa inayomtaka kwa mkataba wa mwaka mmoja, yenye kumpa nyumba na mshahara, na inataka afike kabla maandalizi ya msimu hayajaanza. Wakala anadai malipo ya awali ili ashughulikie karatasi, na mdogo wangu ameniomba niuze kiwanja alichotuachia baba kule Pongwe. Anataka pia kuacha chuo. Kila ninapomuuliza ananitajia Tendai Mtawarira, kijana wa Harare aliyetoka kwao akaenda kutwaa Kombe la Dunia akiwa na Afrika Kusini, na ananiambia kwamba bahati kama hii haigongi hodi mara mbili.

Jambo linaloninyima usingizi ni hili: ameniomba nisimwambie mtu yeyote habari za kichwa chake, si mama, si mjomba, na zaidi ya wote si daktari wa hiyo klabu, ambaye ametuma fomu ya maswali ya afya. Nimemlea kama mwanangu na sijawahi kuvunja amana yake. Nifanye nini?

Dada mlezi, Ngamiani, Tanga

JIBU

Dada yangu wa Ngamiani,

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na nitakujibu kwanza lile ulilolitaja mwisho, kwa sababu kiwanja, chuo na wakala ni mambo ambayo hata yakiharibika yanaweza kutengenezwa, lakini kichwa cha mdogo wako kikiharibika hakuna wa kukitengeneza. Siri hiyo usiitunze. Siandiki hivi kwa wepesi, maana najua katika familia zetu za pwani neno la mdogo kwa dada aliyemlea ni kitu kizito. Hata hivyo amana ni ile ambayo kuitunza kunamlinda aliyeiweka, na hii aliyokukabidhi inamwelekeza kwenye hatari ambayo yeye mwenyewe, kwa hali aliyo nayo sasa, huenda hana uwezo wa kuipima vizuri.

Alichokipata kinaitwa mtikisiko wa ubongo. Kichwa kinapogongwa au mwili unapotikiswa kwa nguvu, ubongo husogea ndani ya fuvu na utendaji wake huvurugika kwa muda. Kupoteza fahamu si sharti, na wengi wanaopata mtikisiko hawaanguki wala hawazimii. Dalili ni zile zile alizokutajia mwenzake wa chumbani: maumivu ya kichwa, kuchukia mwanga, kusahau, usingizi uliopotea mpangilio, na hasira zisizo na sababu. Kuhusu ile picha ya CT, naomba uielewe vizuri kwa sababu ndiyo ngao anayojikingia. Kipimo hicho huonyesha damu iliyovujia ndani ya fuvu au mfupa uliovunjika, na ni jambo la kushukuru kwamba hakuna. Mtikisiko wenyewe kwa kawaida hauonekani kwenye picha hiyo, kwa kuwa ni hitilafu ya utendaji wa ubongo na si jeraha linaloonekana kwa macho. Majibu safi ya CT na ubongo ambao haujapona vinaweza kukaa ndani ya kichwa kimoja, na kwa maelezo yako ndivyo hali ilivyo.

Linalonitia hofu zaidi ni kwamba aligongwa mara ya pili kabla pigo la kwanza halijapona. Madaktari wa michezo duniani kote huliogopa jambo hili kuliko lolote lingine katika raga, kwa sababu ubongo ambao bado umevurugika ukipigwa tena unaweza, katika matukio machache lakini ya kweli, kuvimba kwa kasi na kusababisha kifo, na waliopatwa na msiba huo wengi wao ni vijana. Ndiyo maana shirikisho la dunia la raga linaelekeza kwamba mchezaji yeyote anayeshukiwa kupata mtikisiko katika raga ya ngazi za kawaida atolewe uwanjani na asirudi siku hiyo, kisha arejee mchezoni hatua kwa hatua: apumzike kwanza, afuate mazoezi mepesi, halafu mazoezi yasiyo na kugongana, kisha ya kugongana, na mechi iwe ya mwisho. Dalili zikirudi katika hatua yoyote, hasongi mbele. Mtu ambaye miezi kadhaa baada ya pigo bado anafunga mapazia mchana hajafika hata mwanzo wa ngazi hiyo, achilia mbali kusafiri kwenda kugombea nafasi katika timu mpya ambako kila siku ya mazoezi ni siku ya kujionyesha.

Pengine atakuambia kwamba wakubwa wote wa mchezo huu wamegongwa na wakaendelea. Ni kweli waliendelea, na sasa tunaanza kuona gharama yake. Raga ya wachezaji 15 iliruhusiwa rasmi kuwa mchezo wa kulipwa mwezi Agosti 1995. Kabla ya hapo wachezaji walikuwa walimu, wakulima na askari waliocheza kwa mapenzi. Hii ina maana kwamba kizazi cha kwanza kilichotumia ujana wake wote ndani ya raga ya kulipwa, kikigongana wiki nzima mazoezini na tena siku ya mechi, ndicho hiki kilichofika makamo katika miaka ya karibuni. Miongoni mwao yumo Steve Thompson, aliyekuwa katikati ya safu ya mbele ya skramu ya Uingereza iliyotwaa Kombe la Dunia mwaka 2003. Mwaka 2020, akiwa na miaka 42, alieleza hadharani kwamba amegundulika kuwa na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, na kwamba hakumbuki kabisa kulitwaa kombe hilo. Ryan Jones, aliyewahi kuwa nahodha wa Wales, alieleza habari kama hiyo mwaka 2022 akiwa na miaka 41. Sisemi kwamba kila mchezaji hufikia huko, wala kwamba mdogo wako atafikia huko. Nasema kwamba wakubwa hao anaowatolea mfano, baadhi yao wenyewe wamejitokeza kuwaonya wadogo.

Mchezo nao umejifunza, na haya mpe ayafikirie kwa sababu yanahusu hesabu yake ya kuficha. Tangu Januari 2024 wachezaji wa ngazi ya juu huvaa kinga ya meno yenye vihisi vinavyopima nguvu ya kila pigo na kumtumia daktari taarifa papo hapo. Anayeshukiwa kugongwa vibaya hutolewa kwa dakika 12 kupimwa kumbukumbu, usawa wa kusimama na akili, na majibu yake hulinganishwa na vipimo alivyofanyiwa akiwa mzima kabla ya msimu. Sasa fikiria kijana anayefika klabuni na ubongo ambao haujapona, akafanyiwa vipimo hivyo vya mwanzo akiwa katika hali hiyo. Kipimo cha uzima wake kitakuwa ni kipimo cha ugonjwa wake, na siku akigongwa tena daktari atalinganisha ubovu na ubovu aone hakuna tofauti. Atakuwa ameuharibu kwa mkono wake mwenyewe mzani uliowekwa kumlinda. Hata katika madaraja ya chini ya Ufaransa mwamuzi ana kadi ya bluu, ambayo humwonyesha mchezaji anayemshuku kuwa na mtikisiko. Anayeonyeshwa hutoka moja kwa moja, na harudi kucheza katika siku zinazofuata mpaka apite kwa daktari. Mchezaji mgeni wa mkataba wa mwaka mmoja atakayeonyeshwa kadi hiyo mwanzoni mwa msimu, kisha ikajulikana kwamba alijaza uongo kwenye fomu ya afya, atakuwa amewapa waajiri wake sababu nzuri ya kuachana naye, na huenda bima nayo ikakataa kulipa.

Na huyo Mtawarira anayemtaja kila mara, naomba akasome maisha yake yote asiishie kwenye medali. Alitoka Harare akiwa kijana, akalelewa na Sharks ya Durban, na jina lake lilipokwisha kuwa kubwa akapatwa na tatizo la mapigo ya moyo kwenda mbio, hata akalazimika kukosa mechi za kimataifa. Halikufichwa. Madaktari walimtibu zaidi ya mara moja, akakaa nje, akarudi alipopona, na mwaka 2019 alikuwa katika safu ya mbele ya skramu iliyoielemea Uingereza kwenye fainali ya Yokohama. Alistaafu akiwa ameichezea Afrika Kusini mechi 117. Mtu huyo hangefika hapo kama mwili wake ungekuwa siri kwa waliokuwa na kazi ya kuutunza, na nadhani mdogo wako atalisikia neno hili kuliko la kwangu au la kwako.

Hivyo basi, kabla ya jambo lingine lolote, aje Tanga, au wewe umfuate Nairobi, mkae naye ana kwa ana. Mwambie wazi kwamba hutamtangulia kwa daktari wa klabu, lakini pia hutamsaidia kumdanganya. Kwamba unampa muda wa kulisema mwenyewe, na kwamba kama hatalisema kabla ya kusaini utalisema wewe. Hapo hujamsaliti, kwa sababu umemweleza usoni. Kisha aonane na daktari anayeshughulikia ubongo na mishipa ya fahamu. Nairobi wapo, na akiwa nyumbani mnaweza kuanzia Hospitali ya Bombo mkaomba rufaa ya kwenda Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), ambayo pamoja na mifupa hutibu pia ubongo. Ajieleze kwa ukamilifu, mapigo yote mawili na dalili zote, na mwenzake wa chumbani akiweza aandike alichokiona, maana mgonjwa wa mtikisiko mara nyingi ndiye shahidi dhaifu wa hali yake. Asipewe tumaini la kofia laini wanazovaa baadhi ya wachezaji wa raga. Hizo hupunguza michubuko na majeraha ya masikio, hazizuii mtikisiko.

Daktari akisema apumzike msimu mzima, apumzike. Najua neno hili litamuuma, kwa hiyo ongeza na hili la kweli: flanka wa miaka 22 si mzee. Wachezaji wengi wa kulipwa hucheza mpaka mwanzoni mwa miaka ya thelathini, na klabu inayomtaka leo akiwa mgonjwa itakuwa na sababu kubwa zaidi ya kumtaka mwakani akiwa mzima. Mimi binafsi sipingi aende Ufaransa. Kijana wa Tanga aliyeufahamu mchezo huu Mombasa na akaufikisha mpaka kutakiwa ng'ambo amefanya jambo la kuheshimiwa, na ningependa kuona anafika. Ninachopinga ni kwenda sasa hivi, akiwa na kichwa hicho na mdomo uliofungwa.

Kuhusu wakala nitasema machache kwa kuwa jibu lake ni jepesi. Msiuze kiwanja. Ufaransa ni nchi ambayo sheria yake inamtaka wakala wa michezo awe na leseni inayotolewa kupitia shirikisho la mchezo husika, na malipo yake hayawezi kuzidi asilimia 10 ya thamani ya mkataba aliousimamia. Mapato ya wakala yanatokana na mkataba uliofungwa, hayatokani na kiwanja cha marehemu baba yenu. Muulizeni namba ya leseni yake, kisha mdogo wako aiandikie klabu moja kwa moja kwa anwani rasmi ya klabu yenyewe, si ile aliyopewa na wakala, aulize kama wanamjua mtu huyo na kama kweli wana ofa mezani. Akikataa kutaja leseni, au akianza kuwaharakisha, mazungumzo naye yaishie hapo.

Ofa ikithibitika kuwa ya kweli, mkataba usomwe na mtu anayejua Kifaransa na sheria, si kwa programu ya kutafsiri kwenye simu. Lazima mjue kama ni mkataba wa ajira au ni ahadi ya chumba na fedha ya kujikimu. Ufaransa ina ligi mbili za kulipwa za kitaifa, Top 14 na Pro D2, zenye klabu 30 kwa jumla, na chini yake kuna madaraja ambamo klabu nyingi huchanganya wachezaji wanaolipwa na wanaofanya kazi nyingine mchana. Tofauti hiyo ni kubwa siku mtu akivunjika, kwa sababu mwenye mkataba wa ajira huumia akiwa kazini na sheria humlinda kama mfanyakazi, ilhali mwenye ahadi za mdomo huumia peke yake. Ulizeni nani analipa matibabu, mshahara unakuwaje akiwa majeruhi, nani analipa nauli ya kurudi, na mazoezi ya kugongana kwa nguvu zote huchukua muda gani kwa wiki. Hilo la mwisho halitawashangaza, kwa kuwa mwaka 2021 shirikisho la dunia lilipendekeza lisizidi dakika 15 kwa wiki, na klabu inayowajali watu wake itakuwa na jibu tayari.

Nimeulizwa kuhusu chuo, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Asiache. Aandike barua ya kuahirisha masomo, apokee majibu kwa maandishi, na arudipo mahali pake pawe pale pale. Uhasibu wa mwaka wa tatu ni mali iliyobakiza kidogo kukamilika, na raga ya kulipwa si ajira ya kutegemea peke yake hata katika nchi tajiri. Mwaka 2022 klabu mbili za ligi kuu ya Uingereza, Worcester na Wasps, ziliporomoka kwa madeni katikati ya msimu, na mwaka uliofuata London Irish ikafuata. Wachezaji wenye majina, baadhi yao wa timu za taifa, walijikuta hawana mwajiri. Kama klabu za aina hiyo zinaweza kufungwa, mkataba wa mwaka mmoja wa daraja la chini ni ngazi ya kupandia tu, na mtu hajengi nyumba juu ya ngazi. Akidhani vitabu na raga haviendi pamoja, mtajie Jamie Roberts, aliyecheza katikati ya uwanja kwa Wales miaka mingi, akahitimu udaktari Cardiff mwaka 2013 huku akiwa mchezaji wa kimataifa, na mwaka huo huo akaenda kuchezea Racing ya Paris. Alikwenda Ufaransa akiwa na cheti mkononi.

Limebaki la mama. Mwenye presha haambiwi habari nzito kwa simu wala na majirani, na nadhani hofu yako ni kwamba siku moja ataambiwa hivyo. Kwanza mpeni habari mjomba wa Likoni, ambaye ndiye aliyemlea kijana katika miaka ya mchezo na ambaye kwa desturi ana haki ya kulijua. Daktari akishasema hali ni ipi na matibabu ni yapi, mdogo wako amweleze mama mwenyewe, nyumbani, mjomba na wewe mkiwepo, na aanze na yale daktari aliyoagiza kabla ya kueleza alivyogongwa. Fomu ya klabu ijazwe baada ya hapo, kwa ukweli wote, ikiambatana na barua ya daktari.